Kuchagua Kichujio cha Maji cha Mezani: Osmosisi ya Kinyume na Tatizo la Floridi

Kwenye miteremko ya Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro, na vilevile katika sehemu za Singida, si ajabu kumwona mtoto mwenye madoa ya kahawia katika meno yake. Madoa hayo hayatokani na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki, kama baadhi ya watu wanavyodhani. Chanzo chake ni floridi iliyokuwamo katika maji ya kunywa wakati meno ya kudumu yalipokuwa yakijengeka ndani ya taya, yaani katika miaka 8 hivi ya mwanzo ya maisha. Floridi nyingi ikinywewa kwa miaka mingi huifikia mifupa pia. Viungo hukakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda. Asili yake ni miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, ambayo huyeyuka kidogo kidogo katika maji yanayopita chini ya ardhi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita 1 ya maji ya kunywa. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa sehemu nyingine hazikuwa na chanzo bora, kabla ya kukishusha kiwango hicho hadi 1.5.

Nyumba zenye uwezo sasa hununua vichujio vya mezani vinavyofanya kazi kwa osmosisi ya kinyume. Kabla ya kununua, yafaa ieleweke ni kazi gani chombo hicho hufanya ambayo sufuria na jiko haviwezi. Kuchemsha huua viini vya maradhi, lakini hakuondoi chumvi iliyoyeyuka. Tena huizidisha. Lita 10 za maji yenye miligramu 6 za floridi kwa lita zikichemshwa mpaka zibaki lita 8, floridi yote miligramu 60 imo bado, na sasa kila lita ina miligramu 7.5. Chujio la mshumaa wa udongo nalo huzuia tope na bakteria, ambao ukubwa wao hufikia mikromita 1 au zaidi. Ioni ya floridi ni ndogo kuliko bakteria huyo mara elfu kadhaa, na hupita bila kizuizi.

Mwanafunzi wa biolojia amekwisha kuijua osmosisi katika mizizi ya mimea. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alifunika chombo chenye pombe kali kwa kibofu cha nguruwe na kukizamisha majini. Maji yaliingia ndani mpaka kibofu kikavimba. Utando wa namna hiyo huruhusu maji kupita na kuzuia vitu vingine, na maji hutoka upande wenye mmumunyo hafifu kwenda upande wenye mmumunyo mzito. Upande mzito ukisukumwa kwa kanieneo kubwa ya kutosha, mwendo hugeuka: maji hutoka katika chumvi na kuiacha nyuma. Hiyo ndiyo osmosisi ya kinyume. Wazo hilo lilijulikana mapema, ila hapakuwa na utando wa kupitisha maji kwa kasi ya kufaa mpaka Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walipoutengeneza katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, karibu na mwaka 1960. Mwaka 1965 mji wa Coalinga, katika jimbo hilo hilo, ulianza kunywa maji yaliyosafishwa kwa njia hiyo.

Kanieneo inayohitajika hutegemea wingi wa chumvi. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, huhitaji zaidi ya angahewa 27 ili mwendo ugeuke. Maji ya kisima yenye gramu 1 kwa lita hayahitaji hata angahewa 1, ingawa kwa vitendo husukumwa kwa angahewa kadhaa ili yatoke upesi. Kwa hiyo kichujio cha mezani hakiwezi kuyageuza maji ya bahari kuwa matamu, na mwenye kisima cha chumvi huko pwani hana budi kusoma kwanza ukomo wa chumvi ulioandikwa na mtengenezaji. Tangi lililoinuliwa mita 5 nalo hutoa nusu ya angahewa tu. Ndiyo sababu chombo cha mezani, ambacho hujazwa kwa mkono bila kuungwa na bomba, huwa na pampu ya umeme ndani yake. Umeme ukikatika, kazi husimama.

Swali la kwanza la mnunuzi, basi, ni juu ya maji yenyewe. Apeleke sampuli katika maabara ya maji, ipimwe floridi. Kile kipimo kidogo cha mkononi ambacho wauzaji hupenda kukitumbukiza katika bilauri mbele ya mteja hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kutokana na hilo hukisia jumla ya chumvi. Hakiwezi kuitofautisha floridi na chumvi ya mezani. Jibu la maabara likipatikana, hesabu ni nyepesi. Ikiwa utando huzuia asilimia 90 ya floridi, maji yenye miligramu 6 yatatoka na 0.6, na hayo ni salama. Maji yenye miligramu 20 yatatoka na 2, ambayo bado yamezidi kiwango. Mnunuzi adai kuonyeshwa kwa maandishi kiasi cha floridi kinachozuiwa; maneno “huondoa uchafu wote” hayana maana katika kemia.

Aangalie pia vichujio vinavyoutangulia utando. Cha kwanza huzuia mchanga na kutu. Cha pili ni cha mkaa, nacho huondoa klorini, ambayo huharibu utando wa poliamidi unaotumika siku hizi. Mkaa usipobadilishwa kwa wakati, utando hufa kabla ya siku zake. Chombo ambacho vipuri vyake havipatikani mjini kisinunuliwe, hata kikiwa rahisi.

Kwa nyumba isiyo na umeme, njia iliyotafitiwa hapa hapa nchini hufaa zaidi: kuchuja kwa makaa ya mifupa ya ng’ombe, ambayo hushika floridi, kama inavyofanywa katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha. Tena familia inayosafisha maji na kisha kutia magadi katika maharage ili yaive upesi hujenga na kubomoa, kwa sababu magadi mengine yana floridi nyingi sana.

Maji yaliyopita katika utando hayana klorini ya kuyalinda. Yakikaa siku nyingi katika tangi la chombo, bakteria huweza kuota humo. Tangi lisafishwe mara kwa mara. Kupungua kwa kalsiamu katika maji si jambo la kutisha kwa mtu anayekula dagaa, maziwa na mboga.

Limebaki suala la maji ya masalio. Chombo hakimezi floridi. Huisukuma upande mmoja. Ikiwa lita 4 zenye miligramu 6 kwa lita zimetoa lita 1 safi, lita 3 zilizobaki zina miligramu 23.4, yaani 7.8 kwa kila lita. Maji hayo yanafaa kudekia sakafu na kusukumia choo. Hayafai kupikia uji wala kunyweshea ndama, na ndoo yake iwekwe mbali na ile ya maji ya kunywa, ikiwa na alama ambayo hata mtoto mdogo ataitambua.