Mlima wa Moto Uliounganisha Kisiwa na Bara

Kusini mwa Japani, katika kisiwa kikubwa cha Kyushu, iko ghuba iitwayo Kagoshima. Ndani ya ghuba hiyo umesimama mlima wa moto uitwao Sakurajima, wenye kimo cha mita 1,117. Kwa Kijapani neno "shima" au "jima" maana yake ni kisiwa, na kweli mlima huo ulizungukwa na bahari pande zote mpaka mwaka 1914. Leo mtu aweza kuufikia kwa miguu kutoka upande wa mashariki. Jinsi jambo hilo lilivyotukia, na jinsi watu wengine walivyoangamia kwa kutegemea neno moja la faraja, ni habari ifaayo kujulikana.

Yafaa kwanza kueleza mlima wa namna hii hutokeaje. Chini ya Kyushu, tabaka kubwa la mwamba wa bahari huingia polepole chini ya nchi kavu. Likifika kina kirefu, maji yaliyomo ndani yake hutolewa kwa nguvu ya joto na mgandamizo, nayo huufanya mwamba ulio juu yake uyeyuke kwa urahisi zaidi. Mwamba huo ulioyeyuka huitwa magma. Kwa kuwa ni mwepesi kuliko mwamba mgumu ulio kando yake, hupanda na kukusanyika mahali kama maji katika birika. Magma ya Sakurajima hunata kama uji mzito, wala haiachii mvuke wake upesi. Msukumo ukizidi, mlima hupasuka, ukarusha majivu na mawe, na mara nyingine hutoa lava, yaani magma iliyofika juu ya nchi. Majivu hulala juu ya lava, na lava juu ya majivu, na kwa njia hiyo mlima hujengwa tabaka juu ya tabaka.

Yapata miaka 30,000 iliyopita mlipuko mkubwa mno ulitoa magma nyingi hata nchi iliyokuwa juu yake ikadidimia. Shimo hilo, liitwalo Aira, sasa limejaa maji ya bahari, nalo ndilo sehemu ya kaskazini ya ghuba. Sakurajima uliota baadaye katika ukingo wake wa kusini. Katika habari zilizoandikwa, milipuko yake mikubwa ilianza mwaka 764, mwaka 1471, mwaka 1779, na mwaka 1914. Ule wa 1779 uliwaua watu zaidi ya 100, na wazee wa kisiwani waliwasimulia wajukuu wao dalili zilizoutangulia.

Mwanzoni mwa Januari 1914 dalili zilirudi. Nchi ilitetemeka mara nyingi, maji ya visima yakabadilika, maji ya moto yakabubujika pwani, na nyoka wakaonekana nje ingawa ilikuwa majira ya baridi. Dalili ya mvua ni mawingu. Watu wengi, wakikumbuka maneno ya wazee, walipanda mashua wakavuka. Lakini mkuu wa kijiji cha upande wa mashariki aliuliza habari katika kituo cha hali ya hewa cha mji wa Kagoshima, naye akajibiwa kwamba matetemeko hayo hayakutoka Sakurajima, wala mlima hautalipuka. Vyombo vya kituo vilikuwa duni, lakini jibu lilikuwa la watu wenye elimu. Basi wale waliolisadiki walibaki.

Tarehe 12 Januari, yapata saa nne ya asubuhi, mlima ulipasuka upande wa magharibi, na baada ya dakika chache upande wa mashariki. Waliobaki walikimbilia ufukweni, na wengine, kwa kukosa mashua, walijitosa katika maji ya baridi wakazama. Jioni ya siku hiyo tetemeko kubwa la nchi lilibomoa nyumba na kuta mjini Kagoshima na kuwaua wengine. Kwa jumla watu 58 walikufa au walipotea. Kwa kuwa kisiwa kilikuwa na wakazi zaidi ya 20,000, ni wazi kwamba wale waliokimbia mapema waliziponya roho zao.

Lava ilizidi kutiririka, ikafunika vijiji na mashamba. Kabla Januari haijaisha ilikuwa imeziba mlango wa bahari wenye upana wa karibu mita 400, na kisiwa kikashikamana na bara. Katika kijiji cha Kurokami, lango la mawe la hekalu, lililokuwa na kimo cha mita 3, lilifukiwa na majivu hata ikabaki kama mita moja tu. Wenyeji wameliacha hivyo liwe ukumbusho.

Mwaka 1924 kijiji kilisimamisha mnara wa jiwe katika uwanja wa shule, wenye maandishi ya kuwaonya wakazi wasitegemee nadharia za wataalamu, bali waonapo mambo yasiyo ya kawaida wajiandae kukimbia mapema. Lakini elimu nayo haikulala. Wataalamu walipima nchi kuizunguka ghuba, wakaona imeshuka baada ya magma kutoka, kisha imeanza kuinuka tena pole pole kwa kuwa birika linajaa. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Kyoto kilianzisha kituo cha kuuchunguza mlima huo, ambao tangu 1955 umekuwa ukitoa moshi na majivu mara kwa mara. Tarehe 24 Julai 2022, mlima uliporusha mawe mbali, amri ya kuondoka ilitolewa jioni ile ile kwa wakazi wa karibu, wala hakuna aliyeumia.

Maelfu kadhaa ya watu wangali wakiishi chini ya mlima huo, wakilima machungwa madogo na figili kubwa mno. Kando ya barabara yamejengwa mabanda ya saruji ya kujikinga na mawe, watoto huenda shule wakiwa na kofia ngumu, na wakazi hufanya mazoezi ya kukimbia. Funzo la 1914 si kwamba elimu haifai. Ni kwamba chombo cha mtaalamu na jicho la mwenyeji yapasa visaidiane, na dalili zikionekana, mwenye hekima huondoka kwanza, maswali akauliza baadaye.