SOMO LA TAWI: MBUNGE HURU ANAWEZA NINI BUNGENI, NA HAWEZI NINI?



Katika mikutano ya matawi Arua na Koboko swali moja linarudi kila mara. Wenzetu wanauliza: Je, si afadhali tumchague mtu asiye na chama, ambaye hataamriwa na mtu yeyote, akatusemee sisi vibarua? Wengine wanajibu: Mtu asiye na chama ni kama mtu asiye na ukoo, nani atamsikiliza? Swali hili ni zuri, na halifai kujibiwa kwa kelele. Tulijibu kwa kutazama sheria inasema nini na watu waliowahi kuijaribu njia hiyo walipata nini.

1. Nyumba moja na nyumba mbili

Kwanza tujue Bunge lenyewe. Uganda ina Bunge la nyumba moja tu. Sheria ikipita hapo Kampala, inakwenda kwa Rais moja kwa moja. Lakini jirani zetu wengi wana nyumba mbili. Kongo, tunakokwenda sokoni Ariwara, wana Seneti juu ya Bunge lao. Sudani Kusini, ng'ambo ya Oraba, wana Baraza la Majimbo. Rwanda na Burundi nao wana Seneti. Kenya walikuwa na Seneti kuanzia uhuru mwaka 1963, wakaivunja mwaka 1966, kisha wakairudisha kwa Katiba ya mwaka 2010. Maseneta wa kwanza chini ya Katiba hiyo walichaguliwa mwaka 2013.

Kazi ya nyumba ya juu ni kupima mara ya pili. Huko Kenya, Seneti inalinda hasa kaunti na fedha zao. Sisi hatuna mlango wa pili wa kubisha hodi. Jambo la mfanyakazi likianguka katika nyumba ile moja, limeanguka. Kwa hiyo yatupasa kuijua sawasawa hiyo moja tuliyo nayo.

2. Mbunge huru ni nani?

Mbunge huru ni yule aliyeingia Bungeni bila kudhaminiwa na chama chochote cha siasa. Katika Bunge la 10, lililochaguliwa mwaka 2016, wabunge huru walikuwa 66. Katika Bunge la 11, lililochaguliwa mwaka 2021, walizidi 70. Kwa hiyo si watu wawili watatu. Ni kundi kubwa kuliko vyama vingi vya upinzani.

Katiba yetu, ibara ya 83, inamfunga mbunge huru kama inavyomfunga mbunge wa chama. Aliyechaguliwa kwa chama akikihama, anapoteza kiti. Na aliyechaguliwa akiwa huru, akijiunga na chama, naye anapoteza kiti. Maana yake ni kwamba uhuru wake ni ahadi kwa wapiga kura, si koti la kuvaa asubuhi na kuvua jioni.

Lakini tusidanganyike na jina. Wengi wa hao huru ni watu walioshindwa katika kura za mchujo za chama chao, wakasimama peke yao, na moyo wao bado uko kule kule. Basi usimwulize tu kama yuko huru. Mwulize: uko huru na nani, na uko huru kwa ajili ya nani?

3. Mfano wa Arua, mwaka 2018

Mfano ulio karibu nasi ni wa hapa hapa mjini. Tarehe 8 Juni 2018 Mheshimiwa Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua kwa tiketi ya NRM, aliuawa kwa risasi karibu na Matugga. Uchaguzi mdogo ukaitishwa. Kassiano Wadri akasimama kama mgombea huru. Hakuwa mgeni wa Bunge. Alikuwa amewakilisha Terego miaka mingi kwa chama cha FDC, akawa kiranja mkuu wa upinzani, na akawahi kuongoza Kamati ya Hesabu za Serikali, ile inayowauliza wakubwa fedha za umma zimekwenda wapi.

Tarehe 13 Agosti, siku ya mwisho ya kampeni, kukatokea fujo Arua. Yasin Kawuma, dereva wa mbunge Robert Kyagulanyi, alipigwa risasi akafa. Wadri, Kyagulanyi na wengine zaidi ya thelathini walikamatwa, na baadaye wakashtakiwa uhaini. Tarehe 15 Agosti watu wa Arua walipiga kura huku mgombea wao akiwa kizuizini. Wadri alipata kura 6,421, na Nusura Tiperu wa NRM akapata 4,798. Mahakama Kuu ya Gulu ilimwachia kwa dhamana tarehe 27 Agosti, akaenda kukitumikia kiti kile mpaka Bunge lilipomaliza muda wake mwaka 2021.

Sisi kama chama cha wafanyakazi tunachukua funzo gani? Si letu hapa kusema chama gani cha siasa ni kizuri. Funzo ni hili: mtu huru anaweza kushinda kama watu wanamjua kwa kazi yake. Wapiga kura wale hawakupiga kura gizani. Walimjua kwa miaka mingi ya Terego na ya kamati.

4. Mfano wa nyumba ya juu: seneta wa Kirinyaga

Mwaka 2017 watu wa Kirinyaga, Kenya, walimchagua Charles Kibiru kuwa seneta huru. Bila chama, alipata hata kuongoza Kamati ya Fedha na Bajeti ya Seneti. Hapo mwaka 2020 kamati yake ikaleta kanuni mpya ya kugawa fedha za kaunti. Kanuni hiyo iliwapa zaidi wenye watu wengi, na kaunti kadhaa za kaskazini na pwani zingepungukiwa.

Nini kilitokea? Seneti ilikutana mara kwa mara bila kuafikiana. Maseneta wa chama kimoja walipingana wao kwa wao, na wa vyama vilivyohasimiana wakakaa upande mmoja, kwa kuwa kila mmoja alitazama watu wake wa nyumbani. Mwafaka ulipatikana tarehe 17 Septemba 2020, kwa njia ambayo hakuna kaunti iliyopunguziwa fedha.

Tazameni vizuri jambo hili, ndugu zangu. Siku zile amri ya chama ilikosa nguvu, na faida ya watu wa nyumbani ikapata nguvu. Mbunge hutembea upande anakosukumwa. Kama wapiga kura wake wamekaa kimya, atasukumwa na kiranja. Kama wapiga kura wamesimama nyuma yake na hesabu mkononi, hata kiranja atangoja.

5. Mbunge huru anaweza nini?

Kwanza, anaweza kuleta mswada binafsi. Ibara ya 94 inampa kila mbunge haki hiyo, awe wa chama au asiwe, na ofisi ya Mwanasheria Mkuu inapaswa kumsaidia kuuandika.

Pili, anaweza kuuliza maswali kwa mawaziri, na majibu yakaandikwa katika Hansadi, kitabu cha maneno yote yanayosemwa Bungeni. Neno la waziri likishaandikwa hapo, tunalo mkononi.

Tatu, anaweza kukaa katika kamati. Kamati inaweza kumwita waziri, ofisa au hata mwajiri, na ina uwezo wa Mahakama Kuu wa kuwalazimisha mashahidi waje. Wabunge wa vyama hupangiwa kamati na viranja wao. Wabunge huru hupangiwa na Spika.

Nne, anaweza kupeleka ombi la wananchi. Hili wengi wetu hatulijui. Wafanyakazi wakiandika ombi lao na kulitia sahihi, mbunge anaweza kuliweka mbele ya Bunge, nalo likapelekwa kwenye kamati.

6. Hawezi nini?

Hawezi kuleta mswada wa kuongeza kodi au kutoa fedha katika hazina. Ibara ya 93 inaiachia Serikali peke yake jambo hilo. Kwa hiyo mgombea akisimama juu ya gari sokoni Koboko na kuahidi kwamba yeye mwenyewe atajenga barabara au hospitali, anawauzia mbuzi ndani ya gunia. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilometa 92, ilitiwa lami kwa fedha za mkopo wa Serikali kutoka Benki ya Dunia. Haikutoka mfukoni mwa mbunge. Kazi ya mbunge ni kudai, kuuliza na kukagua.

Wala hawezi kupitisha sheria peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

7. Hesabu ya mshahara wetu

Hapa ndipo somo linapotugusa tumboni. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Fedha hizo leo hazinunui hata kilo mbili za sukari, na ndiyo maana mwajiri akilipa apendavyo hakuna kipimo cha kumshika.

Mheshimiwa Arinaitwe Rwakajara, mwakilishi wa wafanyakazi Bungeni, alileta mswada binafsi wa mwaka 2015 ili kima kiwekwe kwa kila sekta. Bunge liliupitisha Februari 2019. Rais alikataa kuutia sahihi, akisema sheria iliyopo yatosha. Halafu Mheshimiwa Agnes Kunihira, naye mwakilishi wa wafanyakazi, akaleta mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira, wenye mambo ya vibarua, ya makampuni yanayokodisha wafanyakazi, na ya watumishi wa nyumbani. Ulipita Mei 2023. Nao ukarudishwa bila sahihi.

Je, mlango umefungwa? Haukufungwa, ila ni mzito. Ibara ya 91 inasema kwamba mswada ukirudishwa mara mbili, Bunge linaweza kuupitisha mara ya tatu kwa theluthi mbili ya wabunge wote, ukawa sheria bila sahihi ya Rais. Sasa tupige hesabu. Bunge la 11 lilikuwa na wabunge 529. Theluthi mbili ni 353. Wawakilishi wa wafanyakazi ni watano tu. Wawili kati yao katika Bunge hilo, Mheshimiwa Margaret Rwabushaija na Mheshimiwa Abdulhu Byakatonda, waliingia wakiwa huru. Hata ukiwaongeza wabunge huru wote sabini na zaidi, bado hujafika robo ya safari.

Kwa hiyo wanaosema "tuchague huru, mambo yataisha" wamekosea hesabu. Na wanaosema "huru hana faida" nao wamekosea, kwa kuwa kura sabini ambazo hakuna kiranja wa kuzishika ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini wengine karibu mia tatu lazima watoke katika vyama. Watatoka pale tu ambapo mfanyakazi wa shamba la miwa Busoga, wa chai Toro, wa tumbaku West Nile na wa kiwanda cha Jinja watamwambia kila mmoja mbunge wake neno lile lile, wiki ile ile.

8. Tufanye nini tawini?

Katika ghala moja la mazao hapa Arua, nililolitembelea kwa kazi ya chama, nilimkuta mama aliyebeba magunia miaka saba akiitwa kibarua. Kila jioni alilipwa mkononi, na alipoumia mgongo aliambiwa hana mkataba. Lakini kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo anastahili mkataba wa maandishi, naye si kibarua tena. Sheria ipo. Aliyekosekana ni wa kuidai.

Jambo la namna hii lifuate hatua hizi:

(a) Andikeni majina, tarehe za kuanza kazi na mshahara wa kila mmoja. Maneno matupu hayafiki mbali.

(b) Lipelekeni kwanza kwa ofisa wa kazi wa wilaya au wa jiji, na mtunze nakala yenye mhuri.

(c) Likikwama, liandikwe kuwa ombi kwa Bunge, litiwe sahihi, na lipelekwe kwa mbunge. Anayekubali kulibeba mtamjua. Anayekwepa pia mtamjua.

(d) Katibu wa tawi afungue daftari la mbunge: ameuliza swali gani, yuko kamati gani, alipiga kura upande gani mishahara ilipojadiliwa. Mchango wa mazishi na jezi za mpira visiandikwe humo. Hayo ni ukarimu, si kazi ya Bunge.

Mgombea akija na sabuni na chumvi, mwulizeni mbele ya watu: siku mswada wa kima cha chini ukirudi mara ya tatu, wewe utakuwa miongoni mwa wale 353? Jibu lake liandikwe kwenye daftari, lisomwe tena miaka mitano ikiisha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Katiba inamnyima kiti mbunge huru anayejiunga na chama?
2. Taja mambo manne ambayo mbunge huru anaweza kufanya kwa ajili ya wafanyakazi.
3. Bunge lenye wabunge 529 linahitaji kura ngapi ili mswada uwe sheria bila sahihi ya Rais?
4. Katika tawi lenu, ni wangapi wamefanya kazi zaidi ya miezi minne bila mkataba? Leteni orodha katika mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.