SOMO LA HISTORIA: TUZURU MSIKITI MKUU WA KILWA KISIWANI

Ndugu msomaji, katika somo la leo tunatoka Kanazi, tunaacha migomba yetu, tunakwenda pwani ya kusini. Safari ni ndefu. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, katika Mkoa wa Lindi, ni kilomita 300 hivi. Hapo mgeni hupata kibali kwanza, kisha hupanda mashua, maana tunakokwenda ni kisiwani. Bahari ya kuvuka ni nyembamba. Upepo ukiwa mzuri hata hujachoka kukaa.

Pengine mwanadarasa mmoja atauliza: "Mimi ni Mkristo, tena ni mtu wa ziwani. Msikiti wa pwani unanihusu nini?" Swali zuri. Tulishike, tutalirudia mbele.

Ukishuka mashuani, jengo la kwanza kubwa utakaloliona ni Gereza. Hii ni ngome. Wareno walifika na kuuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome hapo. Ngome inayoonekana leo ilijengwa upya baadaye, wakati wa Waarabu wa Omani. Lakini tusikae hapo. Tufuate njia, tupite nyumba za wenyeji, kwa maana kisiwa hiki kina watu wake, wavuvi na wakulima, hadi tufike kwenye kuta nene zilizochakaa. Ndio Msikiti Mkuu.

Msikiti huu una sehemu mbili. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani na ni ndogo. Ilijengwa katika karne ya 11 au ya 12. Sehemu ya kusini ni kubwa zaidi. Iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wakati huo Kilwa ilikuwa tajiri kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, kusini. Masultani wake walitengeneza hata sarafu zao za shaba. Msafiri Ibn Battuta, mtu wa Moroko, alifika hapo mwaka 1331 akausifu mji.

Mbele, upande wa kaskazini, utaona shimo ukutani lenye umbo la mlango usiopitika. Hii ni mihirabu, inayoonyesha waumini upande wa Maka. Kwa nini kaskazini? Kwa sababu Maka iko karibu sawasawa kaskazini ya Kilwa. Mtu wa Istanbul, nchini Uturuki, hugeukia kusini-mashariki.

Sasa inua macho. Juu ya vichwa vyetu kuna kuba, yaani paa la mviringo kama kibuyu kilichokatwa nusu na kufunikwa. Hakuna boriti. Hakuna msumari. Ni mawe na chokaa tu. Je, mbona mawe hayatuangukii?

Hebu tujaribu. Chukua matofali mawili, yasimamishe yaegemeane vichwa. Utaona miguu inateleza kwenda nje. Sasa weka jiwe zito nyuma ya kila tofali. Yanasimama. Kuba ni hivyo hivyo: kila jiwe linamsukuma mwenzake, na wote wanausukuma ukuta kwenda nje. Ndiyo maana kuta na nguzo lazima ziwe imara. Mafundi wa Kilwa hawakulijua hilo kwa maneno ya kitabuni tu. Paa la ile sehemu kubwa liliwahi kuanguka. Lilijengwa upya katika karne ya 15, na hilo ndilo tunaloliona leo, ingawa sehemu nyingine zimebomoka. Si mchezo, kurudia kazi kama ile.

Miaka mia moja baadaye, Waturuki wa dola ya Othmani walijenga msikiti wa Suleymaniye huko Istanbul, kuanzia 1550 hadi 1557. Fundi wake aliitwa Sinan. Kuba yake ina upana wa mita 26 hivi, kubwa mno kuliko za Kilwa. Kuuzunguka walijenga shule, hospitali, na jiko la kulisha maskini. Lakini kanuni ni ile ile ya matofali mawili.

Mawe ya Kilwa ni matumbawe yaliyotoka baharini. Yakiwa mabichi ni laini, fundi huyachonga apendavyo. Yakikauka huwa magumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni.

Kuzunguka msikiti kuna visima, makaburi, Nyumba Kuu, na msikiti mwingine mdogo wenye kuba nzuri sana. Kwa maoni yangu huo mdogo unapendeza kuliko mkubwa. Mbele kidogo, ufukweni, ni Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye vyumba karibu mia na birika la kuogelea la pembe nane.

Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu haya, pamoja na yale ya Songo Mnara, katika urithi wa dunia. Mwaka 2004 ilitangaza kwamba yako hatarini: mvua iliingia katika nyufa, mizizi ilipasua kuta, mawimbi yalikula ufuko. Kuta zikakarabatiwa, mikoko ikapandwa kuzuia mawimbi. Mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha ya hatari.

Basi turudi kwa yule mwanadarasa wetu. Ndugu yangu, wazee wetu Wahaya nao walijenga paa la mviringo. Ni mushonge. Umbo lake linafanana na kuba, ila uzito wake hubebwa na nguzo za ndani, na nyasi zake hushuka hadi chini. Tofauti kubwa ni hii. Fundi wa Kilwa amekufa zaidi ya miaka 500, lakini jiwe lake bado linatufundisha. Wataalamu walichimba hapo miaka ya 1960 wakasoma kazi yake ukutani. Mushonge ukiachwa bila moto na bila mtu, mchwa na mvua huumaliza. Hauachi ukuta wa kusomwa. Unabaki katika mikono ya anayejua kuujenga, naye akiondoka hakuna wa kuchimba.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

Kwa nini ukuta unaobeba kuba lazima uwe mnene? Jaribuni tena kwa matofali kabla ya kujibu.

Katika kijiji chenu, nani bado anajua kujenga mushonge tangu nguzo ya kwanza hadi nyasi za mwisho? Ana umri gani? Nani amekwenda kumwuliza, na ameandika nini?