Kuhesabu Marejeo: Uhai wa Vitu Katika Kumbukumbu ya Kompyuta na Istilahi Zake

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kumweleza mwanafunzi wa Kiswahili, asiye mtaalamu wa kompyuta, jinsi programu inavyotambua kwamba kitu fulani kilichomo katika kumbukumbu ya mashine hakihitajiki tena. Ya pili ni kupendekeza maneno ya kulizungumzia jambo hilo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, tulipata maneno ya menyu na madirisha, yaani ya kile ambacho mtumiaji hukiona kwa macho. Maneno ya yale yatendekayo ndani ya mashine bado ni machache, na wengi wetu tukifika hapo hukimbilia Kiingereza.

Kitu, rejeo na hesabu

Programu inapofanya kazi huomba nafasi katika kumbukumbu na kuweka humo vitu: jina la mteja, picha, orodha ya bei. Nafasi hiyo ina kikomo. Isiporudishwa, programu hunenepa mpaka mashine ikakwama. Ikirudishwa mapema mno, mwingine hupewa nafasi ileile ilhali wa kwanza bado anaitumia, na hapo mambo huharibika kwa namna isiyotabirika. Katika lugha ya C, mtunzi wa programu ndiye anayebeba jukumu hili mwenyewe.

Sehemu za programu kwa kawaida hazibebi kitu chenyewe. Kila moja hushika anwani ya mahali kilipo, na anwani hiyo ndiyo ninayoiita rejeo. Mwanaisimu asitishike na dhana hii. Katika sentensi “Juma alinunua kitabu akakisoma”, kiambishi -ki- hakina kitabu ndani yake. Kinatuelekeza kwa kitabu kilichokwisha tajwa. Kitu kimoja huweza kuwa na marejeo mengi, na mgogoro huanzia hapo: ikiwa wanaokitumia ni wengi na hawajuani, nani atakayekiondoa?

Majibu mawili makubwa yalichapishwa mwaka mmoja, 1960. Mnamo Aprili, John McCarthy, katika makala yake kuhusu lugha ya Lisp, alieleza njia ya kuusimamisha mchakato, kupitia vitu vyote vinavyoweza kufikiwa, kisha kuzoa vilivyosalia. Mnamo Desemba George Collins alipendekeza njia nyingine: kila kitu kibebe hesabu ya marejeo yake. Rejeo jipya likizaliwa, hesabu huongezwa moja; rejeo likifa, hupunguzwa moja; hesabu ikifika sifuri, nafasi huachiliwa papo hapo.

Tuchukue programu ya duka mjini Kilifi. Sehemu ya mauzo inaunda daftari la wateja, hesabu ni 1. Sehemu ya kuchapisha risiti inapewa rejeo, hesabu ni 2. Sehemu ya kuhifadhi nakala nayo inapewa lake, 3. Mauzo yanamalizika, 2. Risiti zinakwisha, 1. Aliyeliunda daftari ameondoka kitambo, lakini daftari li hai kwa sababu kuna mmoja anayelihitaji. Nakala inapokamilika hesabu inakuwa 0 na daftari linakwenda. Hakuna sehemu iliyolazimika kujua habari za nyingine, na huo ndio uzuri wa njia hii.

Kwa nini isitoshe kutazama tu kwamba kitu kimekaa muda mrefu bila kuguswa? Huku kwetu Barani tuna mfano mchungu. Wagiriama humchongea kigango marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, na kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Jamaa wanaweza kuhamia boma jipya, kigango kikabaki peke yake msituni. Kwa mpita njia kimetupwa, ilhali kwa jamaa bado ni chao. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alivipiga picha vigango viwili katika boma moja, baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 ikagunduliwa kwamba kimoja kimo katika Illinois State Museum, Marekani, na cha pili kikapatikana katika jumba la makumbusho la Hampton University, Virginia. Zaidi ya miaka ishirini ilipita tangu wizi ule ndipo vikarejeshwa Kenya. Naomba nisieleweke vibaya: kigango si kifaa cha kufundishia kompyuta. Ninachosema ni kwamba ukiwa wa mahali alipo mtu au kitu si ushahidi kwamba hana wake. Ushahidi ni marejeo, na hayo hayaonekani kwa kukitazama kitu chenyewe isipokuwa pawe na mtu aliyeyahesabu.

Kuachilia si kufuta

Neno “kufuta” limetuponza. Ukisema kitu “kimefutwa” msikilizaji hudhani maandishi yake yametoweka, kama ubao uliopitishwa kitambaa. Sivyo. Hesabu ikifika sifuri, nafasi hutangazwa kuwa wazi tu. Yaliyomo kwa kawaida hubaki mpaka mwingine aandike juu yake. Ndiyo maana napendekeza “kuachilia”. Rejeo linalobaki likielekeza mahali palipokwisha kuachiliwa ningeliita “rejeo kiwa”, kwani limefiwa na kitu chake. Hatari yake ni kwamba halijui kuwa limefiwa. Huendelea kusoma pale pale, na huenda likasoma siri za mpangaji mpya.

Faili nazo hufuata kanuni hii katika mifumo ya jamii ya Unix. Ukiondoa jina la faili wakati programu fulani ingali imeifungua, jina hutoweka katika orodha, lakini yaliyomo hubaki diskini hadi programu ile itakapoifunga. Majina huhesabiwa, na wanaoifungua faili huhesabiwa vilevile.

Mzunguko, na rejeo mgeni

Njia ya Collins ina kasoro ambayo Harold McBeth aliionyesha mapema, mwaka 1963. Tuseme kitu “mzazi” kina rejeo kwa “mtoto”, na “mtoto” kina rejeo kwa “mzazi”. Marejeo yote ya nje yakifa, kila kimoja kingali na hesabu ya 1, kwa sababu ya mwenzake. Hakuna duniani anayevihitaji, lakini vinadhaminiana, na havitaachiliwa kamwe. Lugha ya Python, ambayo utekelezaji wake mkuu hutegemea hesabu ya marejeo, ilibidi iongezewe mwaka 2000, katika toleo la 2.0, chombo maalumu cha kusaka mizunguko ya namna hii.

Dawa nyingine ni kuwa na rejeo lisiloongeza hesabu: mzazi amshike mtoto kwa rejeo kamili, mtoto amjue mzazi bila kuhesabiwa. Wengi wangelitafsiri moja kwa moja kuwa “rejeo dhaifu”. Sikubaliani. Udhaifu hautuambii lolote kuhusu linavyotenda kazi. Mimi naliita “rejeo mgeni”. Mgeni anaijua nyumba lakini hahesabiwi miongoni mwa wenyeji, na kabla ya kuingia sharti apige hodi. Akiitikiwa, anakaribishwa, na kwa muda wote atakaokuwa ndani huhesabiwa kama mwenyeji, ili nyumba isibomolewe naye yumo. Asipoitikiwa, anageuka na kwenda zake. Hivyo ndivyo hasa linavyotumika katika C++ tangu kanuni za mwaka 2011, na katika Rust, lugha iliyotoa toleo lake la kwanza thabiti mwaka 2015: huwezi kukitumia kitu kwa rejeo mgeni kabla ya kuuliza kama kingalipo.

Makarani wawili, daftari moja

Mashine za leo hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Fikiria makarani wawili wenye daftari moja. Wote wanasoma 5, kila mmoja anaongeza moja kichwani, wote wanaandika 6. Marejeo ni 7, hesabu ni 6, na siku moja kitu kitaachiliwa huku mtu mmoja angali amekishika. Kwa hiyo kusoma, kuongeza na kuandika hufanywa hatua moja isiyogawika, ambayo hakuna karani mwingine anayeweza kujipenyeza katikati yake. Usalama huu una gharama: makarani wakiwa wengi na daftari ni moja, hupoteza muda wakisubiriana.

Kosa la kusahau kupunguza laweza kuonekana dogo, kwa kuwa linapoteza nafasi tu. Mwezi Januari 2016 ulionyesha vingine. Katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambacho pia ni msingi wa simu za Android zinazouzwa Malindi na Mariakani, ilitangazwa kasoro iliyopewa nambari CVE-2016-0728. Njia moja ya utekelezaji katika sehemu inayotunza funguo za siri iliongeza hesabu bila kuipunguza. Hesabu ilikuwa ya biti 32, yenye thamani 4,294,967,296 tu. Mshambulizi mwenye subira angeweza kurudia ombi lilelile hadi hesabu ijae na kurudi sifuri, kitu kiachiliwe kikiwa bado kinatumika, kisha aweke yake katika nafasi ile na kujipatia mamlaka yote ya mashine.

Mwaka 2017, toleo la 4.11 la kiini hicho lilileta aina mpya ya hesabu, ambayo ikikaribia kujaa hukwama juu na haishuki tena. Kitu kilichofikia hapo hakitaachiliwa mpaka mashine izimwe. Walioibuni waliona ni afadhali kupoteza nafasi kidogo kuliko kumnyang’anya mtu kitu kilichomo mkononi mwake. Hesabu ya namna hii bado sijaipatia jina linaloniridhisha. “Hesabu komeo” ndilo lililo karibu, lakini komeo hufunguliwa, na hii haifunguki.