SOMO LA BIASHARA: DENI YA SOSIETE NA NYUMBA YA BABA

Tuseme hivi: ndugu wawili wa Kadutu wanachanga feza, wanakopa bidhaa, wanazipeleka Goma kwa mashua. Mashua inazama ziwani. Mwenye kuwakopesha anataka feza zake. Je, nyumba zao zitauzwa?

Jibu liko katika sheria ya OHADA, ambayo Kongo inaifuata tangu tarehe 12 Septemba 2012.

1. SNC: kila mshiriki anadaiwa deni yote, hata juu ya mali ya nyumbani.

2. SARL: mshiriki anapoteza kile alichochanga tu. Hata mutu mmoja anaweza kuianzisha.

3. Wasioandikwa: sosiete inakuwa «mutu» mbele ya sheria siku inapoandikwa katika rejista ya biashara (RCCM). Ndugu wasipoandikisha, na hakimu akiona walitumika kama sosiete, atawapima kwa kanuni za SNC. Basi nyumba iko hatarini.

Angalisho: mwenye kutia sahihi ya kudhamini deni kwa benki atalipa, hata katika SARL.

Swali: ninyi mungechagua gani? Mukaulize nyumbani: biashara yetu imeandikwa wapi?