Maswali na majibu: Jogoo gani kwa mitetea wa kienyeji?

Wengi wanaofanya kazi katika masoko ya Feri na Kariakoo, Dar es Salaam, wana kuku nyumbani: wengine uani Gerezani au Ilala, wengine ng'ambo ya kivuko, Kigamboni, kwenye nafasi zaidi. Swali lao kubwa siku hizi ni uchanganyaji wa damu. Daktari wetu wa mifugo anajibu.

Shikamoo daktari. Nina mitetea sita wa kienyeji Kigamboni. Nataka vifaranga wanaokua haraka. Nilete jogoo gani?

Marahaba, mama. Amua kwanza unauza nini. Kama ni mayai, tafuta Rhode Island Red au yule mweusi tunayemwita kuku wa Malawi. Huyo asili yake ni Australia na jina lake ni Black Australorp. Sisi tulimpokea kupitia Malawi. Kama ni nyama, wapo Sasso wa Ufaransa na Kuroiler wa India. Mradi ulioanza 2014 ukiongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo (ILRI), pamoja na taasisi ya utafiti wa mifugo Tanzania (TALIRI) na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), uliwapima hao wawili kwa wafugaji wadogo wa hapa nchini, na kwa uzito waliwaacha mbali kienyeji.

Ila usimsahau Kuchi. Ni kuku wetu, mrefu, mzito, anafugwa sana Shinyanga na Mwanza. Hatagi sana na jogoo wake ni mgomvi, lakini vifaranga wake wanajua kujitafutia. Mimi kwa kuku wa nyama wa uani ningeanza naye kabla ya kwenda kwa mgeni.

Chotara wangu wa kwanza walipendeza. Nikawaacha wazaliane wenyewe, wajukuu wametoka ovyo: huyu mkubwa, huyu kama njiwa. Nimekosea dawa?

Dawa haihusiki hapa, ndugu yangu. Hili ndilo linalowaangusha wafugaji wengi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Kifaranga huchukua nusu ya vinasaba kwa baba na nusu kwa mama. Chotara wa kwanza wote wamebeba nusu ya mgeni na nusu ya kienyeji, ndiyo maana wanakaribiana. Tena damu mbili zisizo na udugu zikikutana, vifaranga hupata nguvu ya ziada: hukua vizuri na hufa wachache. Ukiwapandisha chotara kwa chotara, vinasaba hugawanyika upya kwa bahati. Mmoja ataangukiwa na umbo dogo la bibi, mwingine ulaji mkubwa wa babu bila uzito wake. Ile nguvu ya ziada nayo hupungua kwa nusu. Na kama wote walizaliwa na jogoo mmoja, umewaoza ndugu, hapo vifo na ulemavu huongezeka.

Sasso na Kuroiler wanahitaji tahadhari zaidi, maana wao wenyewe ni mseto wa koo ambazo kampuni inazitunza. Ukimpandisha jogoo wa Sasso kwa mtetea wa Sasso nyumbani, hutapata Sasso kamili.

Kwa hiyo chotara ni wa kuuza na kula. Hazina yako ni mitetea wa kienyeji. Hao usiwauze hata mteja akipandisha bei. Kinachobadilika ni jogoo. Jogoo mmoja anatosha mitetea kumi, na mbadilishe kila mwaka kabla hajawapanda binti zake. Ukimtoa wa zamani, subiri wiki tatu ndipo ukusanye mayai ya kuatamiza, kwani mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa siku nyingi.

Mbona mitetea wangu chotara hawataki kuatamia?

Kuku wa mayai walichaguliwa kwa vizazi vingi wasiatamie, kwa sababu anayeatamia hatagi, na chotara wako wamerithi hilo. Mayai yawekee mtetea wa kienyeji, kati ya kumi na kumi na tatu kwa ukubwa wake, naye atayaangua siku ya 21.

Banda langu liko uani Kariakoo, joto ni kali. Kuna damu inayosaidia?

Ipo: kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Wapo wanaomkwepa sokoni kwa sura yake, nami nasikitika kila nikiona hivyo. Manyoya machache humwezesha kutoa joto mwilini, akaendelea kula wakati wenzake wanahema. Sifa hiyo hurithiwa kirahisi, mzazi mmoja anatosha kuwapa vifaranga.

Kidimu, mwenye manyoya yaliyopinda, naye hustahimili joto. Ila usimpandishe kidimu kwa kidimu: baadhi ya watoto hutoka na manyoya dhaifu yanayokatika, wakabaki karibu uchi.

Napata vichwa na matumbo ya samaki hapa Feri. Chotara wanaruhusiwa kula?

Wape, kwani chotara bila protini hukua taratibu tu. Chemsha vizuri, changanya na pumba, wala usilaze mabaki. Wiki mbili kabla ya kuchinja acha kabisa, vinginevyo nyama itanuka samaki.

Nasikia ukishachanganya na kienyeji, kideri hakiwapati. Kweli?

Si kweli hata kidogo. Kideri, ambacho wengine huita mdondo, huua kienyeji na chotara vilevile, na kinaweza kumaliza banda zima ndani ya wiki. Kinga ni chanjo. Ile ya tone la jichoni hurudiwa kila miezi mitatu, na hupewa kuku wasio wagonjwa tu.

Nawaomba wote mnaonunua jogoo Kisutu au Kariakoo: asiingie bandani siku hiyo hiyo. Amesafiri kwenye tenga na kuku wa mikoa mingine, wengi wakitokea Singida. Mtenge wiki mbili, chombo chake cha maji kiwe peke yake, na mhudumie baada ya kuwahudumia wengine. Akibaki mzima, mchanje, kisha umpeleke kwa mitetea.