Kumsifia Mwenzako Kitabu

Kijiji cha Lyulilo kiko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa kaskazini, karibu na Matema, hapo Milima ya Livingstone inapokaribia maji. Siku ya gulio watu hukusanyika kununua vyungu. Vyungu hivyo hufinyangwa na wanawake wa Kikisi, na vingi hutoka Ikombe, vikiletwa kwa mitumbwi. Mnunuzi mwenye akili hanunui kwa macho tu. Hukiinua chungu, hukizungusha, kisha hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima hulia vizuri; chenye ufa hutoa sauti butu.

Lakini mtu atakigongaje kitabu? Jalada zuri laweza kufunika maneno matupu, na jalada lililochakaa laweza kuficha hadithi tamu. Wazee husema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili ni kweli kwa vyungu, maana viko wazi machoni pa watu. Walakini kitabu kilichofungwa ni bubu, hakiwezi kujiuza chenyewe. Hakina budi kupata mtu aliyekisoma, awe kinywa chake. Na mtu huyo ana kazi kubwa kuliko adhaniavyo.

Sikilizeni habari ya wavulana wawili wa Lyulilo. Mmoja alikuwa msomaji hodari. Wa pili ndiyo kwanza alikuwa akianza kupenda vitabu. Siku moja yule hodari alimpa mwenzake kitabu kinene, akamwambia, "Ndugu yangu, chukua hiki. Ni kizuri mno, hakuna kinachokishinda." Kumbe yeye mwenyewe alikuwa amesoma kurasa kumi tu, ila alitaka aonekane mtu wa vitabu vikubwa. Mwenzake alikipokea kwa furaha. Usiku ule alisoma kurasa tatu asifahamu kitu. Usiku wa pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alikirudisha kimya, akajisemea moyoni, "Kama kitabu kizuri kuliko vyote ndicho hiki, basi mimi sikuumbiwa kusoma." Muhula mzima ukapita, naye hakuomba kitabu tena.

Mwalimu alipopata habari hiyo alimwita yule hodari, akamwuliza, "Je, mwanangu, ungemwuzia mwenzako chungu usichokigonga?" Kijana akajibu, "La, Mwalimu." Mwalimu akasema, "Basi, umefanya hivyo kwa kitabu. Na chungu kikivunjika, hasara ni chungu. Lakini wewe umevunja moyo wa msomaji." Kijana aliona haya, akainamisha kichwa.

Akaenda akachukua Kisiwa chenye Hazina, hadithi ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1883, na kwa Kiswahili mwaka 1929. Safari hii aliisoma mpaka mwisho. Kisha jioni moja alimkuta mwenzake ameketi kando ya mitumbwi, akaanza kumsimulia: jinsi kijana Jim, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, alivyopata ramani katika sanduku la baharia aliyekufa, jinsi alivyosafiri kwa merikebu kwenda kutafuta hazina, na jinsi alivyoingia ndani ya pipa la matufaha, akawasikia mabaharia wakifanya shauri la kuasi. Hapo akanyamaza.

Mwenzake akauliza, "Kisha ikawaje?"

Akajibu, "Kitabu chajua kusimulia kuliko mimi. Lakini nakuambia kweli, maneno ya ubaharia yana ugumu. Yakikushinda, njoo tuyasome pamoja."

Mwenzake alikichukua, akaja kuuliza maneno mara nyingi. Alipokimaliza hakusema kwamba hakuumbiwa kusoma. Alisema, "Nipe kingine."

Katika habari hii twaona mambo manne yampasayo mtu anayesifu kitabu.

Kwanza, asisifu asichokisoma. Sifa isiyo na msingi ni deni, na atakayelilipa ni mwenzako.

Pili, asikimwage chote. Amwonjeshe mwenzake, kisha amwachie sahani. Mtu aelezaye mwisho wa hadithi humnyang'anya msomaji raha yake.

Tatu, aseme uzuri pamoja na kasoro. Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya H. Rider Haggard iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka huo huo wa 1929, ina safari za kusisimua. Walakini Waafrika wameonyeshwa humo kwa macho ya wawindaji wageni, nayo yafaa msomaji aonywe. Kadhalika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela cha mwaka 1934, chaeleza habari za watu waliotekwa, wakaokolewa, wakakalishwa Freretown karibu na Mombasa. Habari hizo haziko mbali na watu wa Ziwa Nyasa, maana watumwa walivushwa katika ziwa hili, na Karonga, ng'ambo ya pili, palikuwa na vita na Mlozi, mfanya biashara ya watumwa, hata aliposhindwa mwaka 1895. Lakini kitabu hicho chawasifu mno Waingereza. Anayekisifu aseme hayo pia, kisha amwache msomaji apime.

Nne, amjue mwenzake. Kitabu kimoja hakiwafai watu wote, kama vile chungu cha kupikia si mtungi wa maji. Apendaye haki na hoja apewe Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Humo Karama ashtakiwa barazani kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, naye ajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Apendaye mafumbo apewe Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, amfuate Bwana Msa akichungua siri ya mauaji. Aanzaye kusoma apewe kitabu chepesi, wala asichekwe. Ngazi hupandwa kwa kuanzia chini.

Na aliyeazimwa naye ana wajibu wake. Kukopa harusi, kulipa matanga: watu wengi huchukua kitabu wakicheka na kukirudisha wakinuna. Msomaji mwema hunawa mikono, hakunji kurasa, hurudisha kwa wakati. Tena arudishapo husema neno moja juu ya alichokiona ndani. Kwa neno hilo yeye naye huwa kinywa cha kitabu, na kitabu hupata msomaji wa tatu.

Basi, mwanafunzi, kabla hujasema "kizuri sana," kigonge kwanza. Mwenzako hasikii mlio wa kitabu. Asikia sauti yako tu.

MASWALI

1. Mnunuzi wa Lyulilo hukijuaje chungu kilicho kizima?
2. Kwa nini yule kijana hakuomba kitabu muhula mzima? Kosa lilikuwa la nani?
3. Msimulizi alinyamaza kwenye habari ya pipa. Alipata faida gani?
4. Chagua kitabu ulichokisoma mpaka mwisho. Andika sentensi sita za kumsifia mwenzako, moja kati ya hizo iwe ya kasoro yake. Usiseme mwisho wake.